Kijana wako hajapandishwa? Hesabu siku kwanza, kisha nafasi

Machi 2015 Kris Bryant, mpigaji kijana wa besiboli ya Marekani, alimaliza mechi za maandalizi na homurani 9 (mapigo yanayovuka uzio) na wastani wa .425, yaani mapigo 425 katika kila majaribio 1,000. Chicago Cubs wakampeleka Iowa, ligi ndogo, wakisema bado anahitaji kunoa uchezaji wake wa ulinzi. Tarehe 17 Aprili wakamwita. Msimu ulipoisha alikuwa na siku 171 za utumishi ligi kuu, yaani siku za kuwa kwenye kikosi chake. Mwaka kamili wa utumishi ni siku 172.

Siku hiyo moja iliyopungua ilimfanya awe mchezaji huru, anayeweza kusaini na klabu yoyote, baada ya msimu wa 2021 badala ya 2020. Alipeleka malalamiko rasmi, na mwanzoni mwa 2020 msuluhishi akaamua kwamba klabu haikuvunja mkataba. Kufikia hapo alikwisha kuwa Chipukizi Bora wa 2015, Mchezaji Bora wa 2016 na bingwa wa dunia.

Ukikesha hadi saa nane usiku kusubiri mechi ya New York ianze, ni rahisi kumtukana meneja kwa kumwacha kijana matata huko Triple-A, ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo. Meneja hana neno katika hilo. Orodha inapangwa na ofisi ya juu, na ofisi ile ina kalenda mkononi. Maamuzi mengi yanayoonekana ya kijinga yanaamuliwa na tarehe na nafasi kabla kipaji hakijatajwa, kwa hiyo shabiki anayetaka kujua nani atapanda na lini aanze huko.

Msimu wa ligi kuu una siku takriban 187 kwenye kalenda. Toa 172, zinabaki kama 15. Klabu ikimchelewesha kijana wiki mbili na ushee, inabaki naye msimu mmoja zaidi, maana uhuru unakuja baada ya miaka sita kamili ya utumishi. Ndiyo maana majina makubwa hupanda katikati ya Aprili kana kwamba yamepona ghafla. Wengine huchelewa hadi Juni, na hiyo ni hesabu tofauti: wachezaji walio kati ya miaka miwili na mitatu ya utumishi, asilimia 22 ya juu yao huingia kwenye usuluhishi wa mshahara, ambako malipo hupanda, mwaka mmoja mapema. Klabu yenye mkono mzito haipendi kulipa mwaka huo.

Mkataba wa 2022 kati ya klabu na chama cha wachezaji uliuvuruga mchezo huu kiasi. Chipukizi aliyetajwa kwenye orodha za chipukizi 100 bora akimaliza wa kwanza au wa pili katika kura za Chipukizi Bora, anapewa mwaka mzima hata kama siku zake hazikutimia. Pittsburgh Pirates walimwita mrushaji Paul Skenes tarehe 11 Mei 2024, akamaliza na ERA (wastani wa mikimbio anayoruhusu mrushaji kwa ingi tisa) ya 1.96, akatwaa tuzo hiyo ya National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, na mwaka wake ukahesabiwa wote. Upande wa pili, klabu inayomwanzisha chipukizi kama huyo tangu mwanzo wa msimu hupata chaguo la ziada la drafti (zoezi la kila mwaka la klabu kuchagua vijana wapya kwa zamu) akishinda tuzo hiyo. Seattle Mariners walimwanzisha Julio Rodríguez 2022, akashinda, wakavuna chaguo la ziada katika drafti ya 2023. Kwa hiyo sasa, kabla ya kukisia tarehe, angalia kwanza kama kijana yumo kwenye orodha hizo. Kama hayumo, hesabu ya zamani ya wiki mbili bado iko hai.

Tuje kwenye nafasi, ambako ndiko wengi wanakwama.

Kuna orodha mbili. Ya wachezaji 40, ambao klabu inawamiliki kikamilifu, na ndani yake kikosi cha 26 kinachovaa jezi usiku huo (28 Septemba). Kati ya 26, warushaji hawazidi 13: kwa kawaida watano wa kuanza na wanane wa akiba. Wanabaki 13. Toa tisa wa kupiga, akiwemo mpigaji maalumu asiyelinda, unabaki na benchi la watu wanne. Mmoja lazima awe mdakaji wa pili, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Mwingine lazima aweze kucheza shotistopu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu. Mwingine acheze uwanja wa nje. Imebaki nafasi moja ya anasa. Ndiyo maana kijana wa miaka 21 asiye na nafasi ya kucheza kila siku huachwa chini: kukaa benchi kunamnyima zamu 20 hivi za kupiga kila wiki, na mpigaji hakui kwa kutazama.

Kabla ya kudai apandishwe, uliza maswali kwa mpangilio huu: yumo kwenye orodha ya 40? Kama hayumo, nani atatolewa? Anayetolewa hukaa siku saba akisubiri kuuzwa, kuchukuliwa na klabu nyingine au kupita bila kutakwa. Mara nyingi klabu inaogopa kumpoteza huyo kuliko inavyotamani kumwona kijana. Njia ya bei rahisi ni orodha ya majeruhi wa siku 60, kwa sababu aliyewekwa huko hahesabiwi kwenye 40. Lakini orodha hiyo hufungwa siku tano baada ya fainali ya dunia na haifunguliwi hadi kambi za maandalizi zianze Februari. Majeruhi wote wanarudi kuhesabiwa kipupwe kizima, na hapo ndipo Novemba inapokuwa chungu.

Kisha opsheni. Mchezaji wa orodha ya 40 ana misimu mitatu ambayo klabu inaweza kumshusha ligi ndogo bila kuomba ruhusa ya mtu. Msimu unahesabika umetumika akikaa chini siku 20 au zaidi. Ndani ya msimu mmoja asishushwe zaidi ya mara tano. Na akishushwa, mrushaji hukaa angalau siku 15, wengine siku 10, isipokuwa anaporudi kuziba pengo la majeruhi. Opsheni zikiisha, kumshusha ni kumweka sokoni bure mbele ya klabu nyingine 29. Hapa ndipo penye jibu la lile swali la kila Machi: kwa nini mzee anayepiga .210 ameingia kikosini na kijana anayepiga .320 ameshushwa? Mzee hana opsheni, kijana anazo tatu. Klabu inawabakiza wote wawili hadi Mei, kisha majeraha yanaamua. Mimi siioni kama uoga. Ni akiba, na kila klabu hutumia warushaji zaidi ya 13 kwa mbali kabla msimu haujaisha.

Drafti ya Kanuni ya 5, ambako klabu huchukua wachezaji wa ligi ndogo wa klabu nyingine wasio kwenye orodha ya 40, hufanyika Desemba, na hesabu yake unaweza kuifanya kwa vidole. Aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini, ongeza minne kwenye mwaka wa kusaini. Aliyesaini na miaka 19 au zaidi, ongeza mitatu. Novemba ya mwaka unaopata ndiyo siku ya mwisho kumwingiza kwenye orodha ya 40, la sivyo klabu yoyote inaweza kumchukua kwa dola 100,000. Kwa mfano, Novemba 2025 iliwahusu waliotoka sekondari 2021 na waliotoka chuo 2022. Anayemchukua lazima ambakize kwenye kikosi cha 26 msimu mzima. Akishindwa, humrudisha kwa klabu ya zamani kwa dola 50,000.

Kwa hiyo usipoteze usingizi kwa mdakaji wa miaka 20 aliyeko Low-A, ngazi ya chini ya ligi ndogo, aliyeachwa bila kulindwa. Hakuna atakayembeba kwa mechi 162 za msimu. Ogopa mrushaji wa akiba aliyekwisha kufika Double-A (ngazi moja chini ya Triple-A) au Triple-A, kwa sababu huyo anaweza kufichwa: anarusha katika mechi ambazo tayari zimepotea, halafu mwaka unaofuata ni wa klabu iliyomchukua. Roberto Clemente mwenyewe aliwatoka Dodgers kwa njia hii Novemba 1954, akamaliza na mapigo 3,000 akiwa Pittsburgh.

Sasa drafti yenyewe, ile ya Julai (si ile ya vizibo vya soda barazani, ingawa kula kete mbili kwa mpigo kupo humu pia). Tangu 2021 ina raundi 20. Kila chaguo la raundi 10 za kwanza lina kiwango elekezi cha bonasi ya kusaini, na jumla ya viwango hivyo ndiyo mfuko wa klabu. Ukizidisha hadi asilimia 5 unalipa kodi ya asilimia 75 ya kilichozidi. Ukipita hapo unapoteza chaguo la raundi ya kwanza la mwaka ujao. Raundi ya 11 hadi 20, bonasi hadi dola 150,000 haigusi mfuko. Mchezaji asiposaini, kiwango chake chote kinatoweka kwenye mfuko, na hili ndilo linaloharibu mipango kuliko yote.

Ndiyo maana chaguo la kwanza si lazima awe mchezaji bora. Houston Astros mwaka 2012 walimchukua Carlos Correa wa kwanza na kumsainisha kwa dola milioni 4.8, wakati kiwango kilikuwa milioni 7.2. Kilichobaki kiliwasaidia kumpa Lance McCullers Jr., chaguo la 41, dola milioni 2.5, karibu mara mbili ya kiwango chake. Shabiki aliyelalamika usiku ule kwamba wamechukua wa bei rahisi aliangalia jina moja badala ya mfuko. Vivyo hivyo ukiona raundi ya 7 au 9 imejaa wahitimu wa chuo usiowajua, tafuta ni kijana gani wa sekondari aliyechukuliwa raundi ya 2 au 3. Hela inakwenda kwake.

Kosa jingine ni kuchagua kwa pengo: "Hatuna mdakaji, tuchukue mdakaji." Aliyechaguliwa leo hufika baada ya miaka miwili hadi mitano, na pengo la leo halitakuwepo. Chukua kipaji. Ila kuwa mwangalifu na warushaji wa sekondari. Hadi drafti ya 2025, hakuna mrushaji wa mkono wa kulia kutoka sekondari aliyewahi kuchaguliwa namba moja, tangu drafti ianze 1965. Wa kushoto wapo watatu, na wa mwisho, Brady Aiken wa 2014, hakusaini na Astros baada ya mvutano juu ya kano ya kiwiko chake. Machi 2015 akafanyiwa upasuaji. Astros wakalipwa chaguo la pili la 2015 wakamchukua Alex Bregman. Kukataa nako ni uamuzi wa drafti.

Kuhusu takwimu za ligi ndogo, anza na umri. Double-A wachezaji wengi wana miaka 23 au 24, na ndiyo ngazi inayochuja: warushaji wa huko wanaweza kurusha mpira wa kupinda hata wanapodaiwa straiki (mrusho unaohesabiwa dhidi ya mpigaji; tatu humtoa). Wa miaka 20 anayepiga .260 huko anapita wa miaka 25 anayepiga .310. Akitolewa kwa straiki zaidi ya zamu 30 kati ya 100, homurani zisikulevye. Triple-A isome kwa tahadhari mbili: Albuquerque iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari na mpira unaruka kama umekatwa kamba, na kuanzia 2023 hadi 2025 straiki huko ziliamuliwa au kukaguliwa kwa kompyuta wakati ligi kuu bado ilimtegemea mwamuzi, kwa hiyo idadi ya besi za bure (anazopewa mpigaji kwa mirusho minne mibaya) ya miaka hiyo haihamishiki moja kwa moja ligi kuu.

Alama za maskauti, wasaka vipaji wa klabu, zinaanzia 20 hadi 80. Hamsini si alama ya mtihani wa NECTA: ni wastani wa ligi kuu, yaani mchezaji wa kuanza kila siku, na wengi waliosaini hawafiki hapo. Kasi unaweza kuipima mwenyewe kwa simu, kuanzia mpira unapogusa gongo hadi mguu unapokanyaga besi ya kwanza. Mpigaji wa kulia, sekunde 4.3 ni 50 na 4.0 ni 80. Wa kushoto punguza sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa sababu anaanza karibu zaidi. Usimpime aliyelegea kwa kuwa mpira umedakwa. Mdakaji mpime kutoka mpira unapoingia glavuni hadi unapofika besi ya pili: sekunde 2.0 ni wastani.

Kwa wanaofuatilia vijana wa Uganda, ambako Dodgers na Pirates wamewahi kusajili: hao hawapiti kwenye drafti kabisa. Drafti ni ya Marekani, Kanada na Puerto Rico. Wengine husaini kama wachezaji wa kimataifa kuanzia miaka 16, dirisha likifunguliwa Januari 15, na hela hutoka kwenye mfuko mwingine. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu, alisaini na Pirates 2008 na kucheza mara ya kwanza tarehe 26 Aprili 2017. Kijana wa Kampala aliyesaini 2024 akiwa na miaka 17, kwenye kalenda yako mwandikie Novemba 2028 kwa ajili ya Kanuni ya 5.