Kapi hubeba mara mbili: kwa mnaoanza kunasua magari kwa winchi

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kunasua magari, kabla hujanunua chochote jiulize: winchi yako inavuta kilo ngapi? Wengi wanaijua namba hiyo vizuri, kisha wanakwenda dukani kununua kapi, yaani gurudumu lenye mfereji la kupitishia waya, lenye namba ile ile. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Chukua winchi ya kilo 4,300, ya kawaida kwa Land Cruiser. Ikivuta kwa nguvu zote, huku waya umepita kwenye kapi na kurudi garini, kila upande wa waya una kilo 4,300. Kapi, sheko yake (pingu ya chuma inayofungwa kwa pini) na mkanda uliozungushwa kwenye mti vinabeba kilo 8,600. Hata waya ukikata kona ya digrii 90 tu, kapi bado linabeba kama kilo 6,100.

Mimi nilijifunza hili mbugani wakati wa masika, kwenye ule udongo mweusi unaonata. Kapi letu lilikuwa la tani 4. Halikukatika, ila pini yake ilipinda, gurudumu likagoma kuzunguka, waya ukaanza kusagika ubavuni. Tukalegeza polepole. Kijana mwenzetu alikuwa amesimama ndani ya kona ya waya. Kapi lingeng'oka, waya ungemfyeka yeye. Mpaka leo nikimwona mtu amesimama pale, nasimamisha kazi.

Dukani soma maandishi yaliyogongwa kwenye chuma. WLL ni mzigo wa kufanyia kazi, na huo ndio wa kufuata, si ule wa kukatikia ambao muuzaji hupenda kuutaja kwa kuwa ni mkubwa. Kapi lisilo na maandishi liache, hata likiwa zito na rangi yake inang'aa.

Waya wa chuma wa milimita 9.5 ukiwa mpya hukatika kwenye kama tani 6 na nusu. Ukishajikunja kifundo, nguvu hiyo haipo tena. Kuunyoosha kwa nyundo hakuirudishi. Wenye kamba ya nyuzi za plastiki, pitisheni kidole kwenye mfereji wa kapi: lililotumika na waya mara nyingi huwa na makwaruzo yanayokata kamba.

Bakiza mizunguko isiyopungua 5 ya waya kwenye ngoma ya winchi. Tandika blanketi zito juu ya waya kabla ya kuvuta, ili ukikatika usiruke kwa nguvu. Na ukiwa umetumia kapi, waya unapita mara mbili, kwa hiyo tandika mablanketi mawili.