Maswali yenu ya wiki: mtoto, Kiingereza na lugha ya nyumbani

Mwanangu yuko fomu wani, mwalimu kapiga marufuku Kiswahili, anayekosea anavishwa kibao shingoni. Ni sawa?

Si sawa hata kidogo. Mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili, leo mnamwambia kile kichwa akiache getini? Nilishamuuliza dogo mmoja jeminesheni ni nini, kimya, anaangalia kiatu. Nikamwambia kuota kwa mbegu, weee, akaanza kunielezea maharage waliyoweka kwenye pamba yenye maji akiwa darasa la nne, mzizi ulitoka siku ya ngapi, mpaka yale yaliyooza. Kumbe sayansi anaijua, anachokosa ni neno tu, na neno linafundishwa! Sera ya elimu ya Tanzania ya 2014 yenyewe ilisema Kiswahili kitumike ngazi zote, haya, tumebaki na vibao.

Tuko Ohio, Marekani, tumetokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, je tuongee Kiingereza tu nyumbani ili watoto wazoee?

Hili mnaniuliza kila wiki jamani, someni na ya nyuma. HAPANA. Kiingereza watakiokota shule, basini na kwenye katuni, Kiswahili watakiokota wapi kama si kwako? Na hicho Kiingereza chako cha kubahatisha unataka wakirithi cha nini.

Shule inamtumia binti yangu wa miaka 11 kutafsiri kikao cha wazazi.

Kataa. Marekani shule ya serikali inatakiwa ikupe mkalimani bure, ni haki inayotokana na sheria ya 1964 ya haki za raia, na mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya huko iliitumia hiyohiyo kuwabana wa shule za San Francisco waliowatelekeza watoto wa Kichina wasiojua Kiingereza. Halafu kama umetokea Congo, sema unataka mkalimani anayeelewa Kiswahili cha Congo, maana wewe ukisema "mtoto anaenda ku masomo", yaani shule, mtu wa Mombasa atadhani ni tuisheni. Na huyo binti, mwalimu akisema anapiga kelele darasani, unadhani utatafsiriwa hivyo? Utaambiwa anasifiwa.

Mimi mwalimu sijui Kisukuma, wanafunzi wangu wengi Wasukuma. Nifanyeje?

Waache wajadiliane kwa chao kwanza, ndo waandike Kiingereza. We kujua si lazima.

Siku ya tamaduni tuliwavisha vitenge, haitoshi?

Na kesho yake mkawachapa kwa kuongea kilugha?