Kuondoa Rangi ya Jeli Bila Kuumiza Kucha

Swali: Dada mhariri, kila ninapobandua rangi ya jeli niliyojipaka nyumbani, kucha hubaki nyembamba zenye madoa meupe. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Ndugu msomaji, tatizo ni huko kubandua, kwani jeli ing'okapo kwa nguvu huondoka na tabaka la juu la ukucha. Kwangua kwa tupa mng'ao wa juu tu, funika ukucha kwa pamba iliyoloweshwa asetoni (kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha), izungushie foili, kisha usubiri dakika 10 hadi 15 mpaka rangi ijikunje pembeni, ndipo uisukume taratibu kwa kijiti cha mbao. Ikigoma, irudishie pamba. Halafu paka mafuta ya nazi, maana asetoni hukausha ngozi, nayo hushika moto upesi, hivyo kaa mbali na jiko.