Maswali Yenu: Turbaini Yazunguka, Betri Hazijai

SWALI: Nimefunga turbaini ya upepo ya kilowati 1.5, yenye mapanga ya kipenyo cha mita 3, juu ya paa la ghala. Inazunguka karibu kutwa nzima, lakini betri za volti 48 hazijai. Je, niongeze turbaini ya pili?

JIBU: Usiongeze. Kilowati hizo 1.5 zinapatikana upepo ukivuma kwa mita 11 hivi kwa sekunde, upepo wa kutikisa matawi makubwa ya miti. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara 8. Ndiyo maana turbaini ya ukubwa huo hutoa takriban wati 550 kwenye upepo wa mita 8 kwa sekunde, lakini upepo ukishuka hadi mita 4 unaambulia wati 70 tu. Kuzunguka si kuzalisha.

Kosa liko kwenye paa. Upepo ukigonga jengo au mti huvurugika, na vurugu hiyo hupanda hadi mara 2 ya urefu wa kizuizi na kuenea nyuma yake hadi mara 20. Mapanga hubaki yakigeuka huku na huku, na mtetemo wake huua beringi mapema na kulegeza bati.

Hamishia turbaini kwenye mlingoti. Ncha ya chini ya mapanga iwe angalau mita 9 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 150. Kama mti mrefu kuliko yote una mita 8, jumlisha mita 9 na nusu ya kipenyo cha mapanga: unahitaji mlingoti wa mita 18.5. Mti ungali unakua? Hesabu urefu utakaofikia, si wa leo.

Kabla ya kununua vyuma, rusha tiara yenye tepe za mita moja zilizofungwa kila mita 3 za kamba. Chini utaona tepe zikipepesuka ovyo. Zinapoanza kunyooka upande mmoja, hapo ndipo upepo mzuri ulipo.

SWALI: Betri zikijaa, naweza kuitenga turbaini kwa swichi kama ninavyofanya kwa sola?

JIBU: Hapana, hata kwa dakika chache. Paneli ya sola ikikatwa hutulia. Turbaini ikikatwa hukosa kinachoizuia: mapanga hukimbia, volti hupanda na kuunguza kidhibiti chaji, na panga linaweza kukatika na kuruka mbali.

Umeme wa ziada lazima upate pa kwenda. Kwa mtambo wa volti 48 wa kilowati 1.5, funga rezista (kifaa kinachogeuza umeme kuwa joto) ya omu 2 inayohimili wati 2,000 au zaidi, mahali penye hewa, mbali na mbao na nyasi kavu. Hita ya maji pekee haitoshi, kwani tangi likikauka huungua, na umeme wa ziada hukosa tena pa kwenda.

Kusimamisha turbaini kwa matengenezo, tumia swichi inayounganisha pamoja nyaya 3 za jenereta, kisha ndipo uguse betri. Fanya hivyo upepo ukiwa mdogo, kwa sababu kwenye dhoruba koili zinaweza kuungua.

SWALI: Waya za kushikilia mlingoti zikaguliwe lini?

JIBU: Mwezi mmoja baada ya kusimika, baada ya kila dhoruba, na kila miezi 6. Ukilaza mlingoti, mtu yeyote asisimame upande unakolalia.