Usiongeze masaa matatu ndani ya triga

Usipeleke kwa seva hiyo triga yako ya PostgreSQL, yaani msimbo unaojiendesha wenyewe kila rekodi ya hifadhidata inapobadilishwa, ili uandike muda wa badiliko kwenye kolamu ya updated_at. Umeuliza mengi, iendeshwe kabla ya rekodi kuandikwa (BEFORE) au baada yake (AFTER), funksheni moja kwa majedwali yote au kila jedwali na yake, kama itapunguza kasi, lakini mimi nimekwama kwa mstari mmoja wa msimbo uliobandika:

NEW.updated_at := now() + interval '3 hours';

Futa hiyo nyongeza. Najua hoja yake: seva iko UTC, ile saa ya kimataifa, Nairobi iko mbele masaa matatu, Kenya haibadilishi saa kwa majira, basi ongeza tatu yaishe. Mimi nilielezwa hivyo hivyo na mshauri aliyelipwa kuliko mtu yeyote pale ofisini. Alituchorea ubaoni kwa kujiamini kabisa, nami nikaiweka. Mambo yalipoharibika, simu zetu hakushika. Watu wa namna hiyo wananikera mpaka leo, kwa sababu ushauri wao bado unazunguka na wewe umeupata.

Kolamu ya timestamptz, aina ya data ya tarehe na saa inayojali saa za eneo, huhifadhi wakati halisi. Saa za eneo huingia tu wakati wa kuonyesha. Ukiongeza tatu, umeiambia PostgreSQL kwamba malipo yamefanyika masaa matatu yajayo. Ukichungulia kwa psql, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL, ikiwa kwenye UTC utaona saa ya Nairobi barabara, na hapo ndipo unapodanganyika, kwa sababu programu inayogeuza kwenda Africa/Nairobi itaongeza tatu zingine.

Mfumo wetu ulikuwa wa duka la dawa katikati ya jiji, linalofunga saa nne usiku. Malipo yaliyothibitishwa saa tatu na nusu usiku, yaani 21:30, yalisomeka 00:30 ya kesho yake. Ripoti ya siku ikakataa kulingana na taarifa ya M-Pesa, na mwenye duka akaanza kumshuku keshia wa zamu ya usiku. Mama wa watu hesabu zake zilikuwa sawa hadi shilingi ya mwisho. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Halafu yakaja marekebisho ya kuondoa yale masaa matatu, na hapa ndipo tulipoumia vibaya:

UPDATE malipo SET updated_at = updated_at - interval '3 hours';

Triga ikiwa hai! Kila rekodi iliyoguswa ilipitia funksheni ileile, ikafuta tulichoandika na kuweka saa ya wakati ule, na masaa matatu juu yake. Malipo yote ya duka yakawa na muda mmoja. Tukarudi kwa bakapu ya usiku uliotangulia, na mauzo ya siku nzima yakaingizwa upya kwa mkono kutoka kwa risiti.

Kama tayari una data iliyoharibika, fungua muamala kwa BEGIN, zima triga kwa ALTER TABLE malipo DISABLE TRIGGER ikifuatwa na jina la triga yako, fanya UPDATE, iwashe tena kwa ENABLE TRIGGER, kagua rekodi chache unazozijua, ndipo uthibitishe kwa COMMIT. Wanaoandika kwenye jedwali hilo watasubiri mpaka umalize, kwa hivyo fanya duka likishafungwa.

Funksheni yenyewe ni fupi hivi:

CREATE FUNCTION weka_muda() RETURNS trigger AS $$
BEGIN
  NEW.updated_at := now();
  RETURN NEW;
END;
$$ LANGUAGE plpgsql;

Iite kwa BEFORE UPDATE, FOR EACH ROW, yaani kwa kila rekodi. Kwa AFTER rekodi imeshaandikwa, kubadilisha NEW hakufanyi kitu. Na mwenye ripoti akitaka saa ya Nairobi, aipate kwenye SELECT: updated_at AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi'. Humo tu. Wakati uhifadhiwe ulivyo, ugeuzwe mtu anaposoma, hata aje nani na ubao wake.

Hayo ya kasi tutaongea baadaye. Ondoa hiyo tatu kwanza, ubandike msimbo tena niuangalie.