Shangazi, mtoto wa jirani kafa na keshazikwa, sasa tunafanya nini?

SWALI: Asalaam alaykum Shangazi. Mie niko Wete, Pemba. Hapa mtaani kwetu kafa mtoto wa miaka mitatu, wakasema kaanguka kitandani usiku, asubuhi kakutwa hajitambui, hospitali hata hakufika, na alasiri haijaingia keshazikwa. Sasa bibi aliyemuosha ni jamaa yangu, kaja kunambia kwa siri kwamba mgongoni mlikuwa na alama, nyengine mpya nyengine zishaanza kugeuka manjano, na sikio moja limevimba. Hajamwambia mtu mwengine kwa sababu ni muhali, wale ni watu wetu. Na mtaa mzima tunajua yule bwana anampiga mkewe. Nimesikia redioni kuna nchi mtoto akifa wanakaa kikao kuchunguza kilichotokea, mbona sie hatuna, na kitasaidia nini na mtoto keshakufa?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, poleni sana. Kabla sijafika kwenye hicho kikao, la jamaa yako lisilale. Alichokiona yeye huenda hakuna mwengine aliyekiona kwa ukaribu ule, kwa hiyo aende polisi, pale dawati la jinsia na watoto, aeleze alichokiona kwa macho yake basi, asiongeze nani kafanya maana hakuwepo. Na aseme wazi kila alama ilikuwa wapi, kwa sababu mtu akishakufa damu hushuka upande aliolalia na mgongo unaweza kupiga zambarau bila ya kuguswa na mtu, lakini alama iliyokwishageuka manjano hiyo ilipatikana mtoto angali hai, na sikio halivimbi kwa kulaliwa tu. Kupambanua hayo ni kazi ya daktari, si ya mwoshaji wala yangu mie. Kama kituo cha karibu anakiogopa, kuna 116, simu ya mtoto, bure.

Kama nyumba ile imebaki na watoto wengine basi hili ni la leo leo. Na yule mama, tafadhali, msimwendee na maneno ya "kwa nini huondoki", mwanamke anayepigwa huwa kwenye hatari kubwa zaidi pale anapojaribu kuondoka, yeye na wanawe, kwa hiyo kuondoka kwake kupangwe na watu wa ustawi wa jamii, na ajue anakwenda kulala wapi kabla bwana hajajua kitu.

Sasa hicho kikao. Kilianza Los Angeles, Marekani, mwaka 1978, baada ya watu kuona kwamba mtoto akiuliwa nyumbani kila idara inabaki na kipande chake: polisi wana faili, hospitali ina kadi, ustawi wa jamii wana ripoti, na hakuna siku vipande vile vikawekwa meza moja. Wakaanza kukaa pamoja. Mahkama inatafuta nani kaua, ile kazi inabaki palepale, kikao chenyewe kinataka kujua nani alimuona yule mtoto kabla hajafa, alimuona lini, aliona nini, akamwambia nani, na pale alipomwambia kukafanyika nini. Hakifungi mtu. Kinatoa mapendekezo na kuyafuatilia.

Na usidhani ni jambo geni kwetu. Mama akifariki kwa uzazi hospitali zetu zinakaa na kupitia faili lake, kafika saa ngapi, damu ilikuwepo, gari ilichelewa wapi. Kwa nini mtoto wa miaka mitatu aliyekufa kitandani kwao asipate hata hicho? Mie hili linaniuma kwa kweli.

Umeuliza kinasaidia nini. Nitakupa kisa kimoja kinachojulikana duniani, cha Victoria Climbié. Mtoto wa Ivory Coast, wazee wake wakamtoa kwa nia njema akakae na shangazi wa baba yake, apate kusoma Ulaya. Tuseme kweli, kuna nyumba ngapi Pemba zimempandisha mtoto boti kwenda Unguja kwa jamaa kwa ajili ya skuli, na wengi wanalelewa vizuri alhamdulillahi, ila nani anakwenda kuwaangalia? Victoria alifariki London Februari 2000, ana miaka minane, mwilini kakutwa na majeraha na makovu 128. Uchunguzi wa serikali ya Uingereza ulioongozwa na Lord Laming, uliotoka 2003, ukagundua kwamba alipita hospitali mbili, polisi, na ustawi wa jamii wa mitaa minne, na walikuwa na nafasi 12 za kumuokoa. Hospitali moja daktari alisema ni upele. Shangazi yule na bwana wake walifungwa maisha, hiyo kazi ya mahkama ilikwisha tangu 2001, lakini hukumu ile haikusema lolote kuhusu zile nafasi 12, ulioziibua ni ule uchunguzi. Ikatoka sheria mpya ya watoto 2004, na kuanzia Aprili 2008 England kila mtoto anayekufa, kwa sababu yoyote ile, kifo chake lazima kipitiwe.

Na si Wazungu peke yao. Afrika Kusini utafiti wa vifo vya mwaka 2009 ulikadiria watoto 1,018 waliuawa, karibu nusu ni kwa kuteswa au kutelekezwa na walezi. Mwaka 2014 wakaanza majaribio ya kikao kama hicho kwenye mochwari mbili, Salt River kule Cape Town na Phoenix karibu na Durban, polisi, madaktari, ustawi wa jamii na waendesha mashtaka chumba kimoja. Hapa kwetu watu hao wote wapo. Na mie ningeongeza sheha, mwalimu wa madrasa, na waoshaji, maana hawa wanaona kuliko daktari yeyote.

SWALI: Shangazi mie ni baba, nakaa Fuoni. Haya mambo si kuchokonoa siri za nyumba za watu? Mtu kafiwa na mwanawe, kadari ya Mungu, mnataka kumpasua maiti wa Kiislamu?

JIBU: Baba yangu, kumstahi maiti sote tunakubaliana. Lakini Baraza la Fiqhi la Rabita, yaani jumuiya ya ulimwengu wa Kiislamu, lilikaa Makka mwaka 1987 likaliangalia suala hili hili, likaruhusu maiti kupasuliwa pale kwenye shaka ya jinai na hakuna njia nyengine ya kujua sababu ya kifo, kwa kiasi cha haja tu. Mara nyingi hata hatufiki huko, daktari kumtazama maiti mwili mzima kabla hajaoshwa, kupiga picha za eksirei, kuuliza maswali, inatosha kuonesha kama kuna la kuendelea nalo.

Siri ya nyumba naiheshimu, ya mtu na mkewe na mapishi yao na madeni yao. Mtoto aliyevunjwa mbavu hana siri ya kufichiwa. Na sulhu za wazee barazani, "yaishe, wasije kuachana," kwenye kesi za namna hii zimewarudisha watoto wangapi kwa mtu yule yule? Kadari naiamini kama unavyoiamini wewe, ila mtu akigongwa na gari hatumwachii dereva aende zake kwa sababu ya kadari.

SWALI: Mie ni mwalimu wa skuli ya maandalizi, Makunduchi. Watoto huja na michubuko kila siku, wanacheza, wanaanguka. Nitajuaje?

JIBU: Mwalimu, magoti, viwiko vya mikono na paji la uso ndio mahala pa kuangukia. Madaktari wanaangalia zaidi kiwiliwili, masikio na shingo kwa mtoto chini ya miaka minne, na kichanga ambaye hata kujigeuza hajaweza, alama moja tu popote pale inataka kuulizwa. Ila usimshitaki mtu kwa bato la kuzaliwa, watoto wetu wengi wanazaliwa na doa la buluu kiunoni na makalioni na halifutiki haraka, tafauti yake ni kwamba halibadiliki rangi wiki hadi wiki na haliumi.

Angalia pia hadithi inayobadilika, leo kaanguka ngazini kesho kapigwa na mwenzake. Weka daftari, tarehe, alama iko wapi, kaeleza nini, kwa maneno yake. Ukipata shaka mwambie mwalimu mkuu na afisa wa ustawi wa jamii, Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Namba 6 ya 2011 inawapa njia ya kuingilia kati mapema, na mtoto akiwa kaumia vituo vya Mkono kwa Mkono viko hospitalini, kile cha Mnazi Mmoja kipo tangu 2011, daktari, polisi na mshauri unawapata pahala pamoja. Na usimuulize mtoto mbele ya aliyemleta.