Jibu: Kurzweil alisomea wapi utabiri wa teknolojia?

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: unaandika wasifu wa Ray Kurzweil, mvumbuzi wa Marekani anayejulikana kwa kutabiri teknolojia, na umekwama kwa sababu huoni alikosomea "utabiri". Usipatafute, hapapo. Alihitimu chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1970, sayansi ya kompyuta na fasihi, basi.

Anzia kwenye mashine yake ya 1976 ya kuwasomea vipofu. Unalaza kitabu juu ya kioo, skana inasoma herufi, sauti ya kompyuta inatamka. Mwanamuziki kipofu Stevie Wonder alikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo kabisa. Utabiri ulitokana na uvumbuzi huo huo: ukileta kifaa kabla vipuri havijashuka bei, unafilisika, ukichelewa, wenzako wameshamaliza soko. Ndiyo maana akawa anachora grafu za bei na nguvu za kompyuta, ajue mradi utoke lini. Vitabu vilikuja baadaye, kuanzia 1990.

Mimi nilipoandika juu yake nilikusanya tabiri alizopatia tu, mhariri akanirudishia. Nikachora safu tatu daftarini: kasema nini, lini, imekuwa? Chesi alipatia: alisema kompyuta itamshinda bingwa wa dunia, na Deep Blue, kompyuta ya IBM, ilimshinda bingwa Kasparov 1997. Lakini mwaka 1999 aliandika kwamba ifikapo 2009 maandishi mengi yataandikwa kwa kuiambia kompyuta tu. Wapi! Mwaka huo mimi nilikuwa bado nabonyeza kitufe cha simu mara tatu nipate herufi moja.

Utabiri wake kwamba kompyuta itafikia akili ya binadamu ifikapo 2029, safu ya tatu iache wazi. Mimi nimeshaijaza na kuifuta mara mbili.